Beth wa nyumbani ni nakala?

SWALI: Mhariri, hapa Sinza dada yangu husimamisha picha kila Beth wa katuni ya televisheni Rick and Morty anapoinua glasi ya mvinyo, amkague uso, akisisitiza kuwa ni nakala. Je, ni kweli?

JIBU: Ndugu msomaji, dhana hiyo ilishika kasi mwaka 2017, mwanasayansi Rick alipojitolea kumtengenezea bintiye, Beth, nakala ya kubaki nyumbani ili Beth mwenyewe aondoke. Kipindi cha mwisho cha msimu wa 4, mwaka 2020, kilionyesha kumbukumbu ya Rick akiwachanganya Beth wawili, halisi na nakala, kwa makusudi, hata yeye mwenyewe asijue yupi ni yupi. Hivyo uso hautamsaidia dada yako. Kinachoniuma zaidi ni kwamba Beth alimwachia baba yake uamuzi, naye akaukwepa.