Taa zisubiri kwanza

Tangi la samaki wa baharini na matumbawe la lita 800, halafu unauliza uanze na taa mpya au kichujio cha povu, kile kinachotoa uchafu majini kwa mapovu? Kichujio, ndugu yangu. Samaki wakiongezeka, uchafu nao unaongezeka, na taa kali juu ya maji yenye naitreti nyingi, yaani mabaki ya uchafu huo, ni kuufuga mwani tu. Pia tafuta pampu ya kujazia maji yenyewe. Kinachokauka ni maji, chumvi inabaki, kwa hiyo jazia maji yaliyosafishwa yasiyo na chumvi, usijazie ya chumvi.

Kuhusu samaki, yule kangaja wa bluu unayemtaka anafika karibu sentimita 30, basi mpime kwa ukubwa wa kesho. Kangaja wa njano aingie mwisho kabisa. Akitangulia atajiona mwenye nyumba. Wangu alimfukuza mgeni siku nzima hadi nilipobandika kioo cha kujitazamia ubavuni mwa tangi, akahamishia ugomvi kwa sura yake mwenyewe!

Samaki vipepeo waache, wengi wao wanadonoa matumbawe. Na kila mgeni akae karantini wiki 4 hadi 6, hata akionekana mzima.