Maswali ya Wasomaji: Nisomee Sheria Wapi?

SWALI: Mheshimiwa mhariri, shikamoo. Nimemaliza kidato cha sita hapa Bombo, Uganda, na ninataka kusomea sheria. Mwaka juzi bibi yangu aliletewa karatasi ya Kiingereza akaambiwa atie dole gumba, kumbe anauza kibanja chake, yaani kiwanja anachokikalia katika ardhi ya mwenyewe mwingine. Baba anataka niende Chuo Kikuu cha Makerere kwa sababu ya jina la chuo hicho. Mama anapendelea chuo cha dini yetu ya Kiislamu. Mimi ninatafuta chuo kitakachonifunza kuwatetea watu kama bibi. Nichague kipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na mpe bibi pole zangu. Kabla ya maadili ya chuo, tazama kibali chake. Ikiwa masomo ya sheria ya chuo hayakuidhinishwa na Baraza la Sheria, Kituo cha Maendeleo ya Sheria, ambacho kila mtu hapa hukiita LDC, hakitakupokea kusomea stashahada ya uwakili, na bila stashahada hiyo hutasimama mahakamani kumtetea yeyote. Jambo hili liulize Baraza lenyewe, usiwaulize wanaotangaza chuo.

Baba yako hakukosea, kwani Makerere imefundisha sheria tangu 1968 na huwachuja waombaji kwa mtihani wa kuingia. Mama naye ana hoja: Chuo Kikuu cha Kiislamu kilichofunguliwa Mbale mwaka 1988 kina kitivo cha sheria, kama kilivyo nacho Chuo Kikuu cha Kikristo cha Mukono kilicho chini ya Kanisa la Uganda, na vyote viwili hutangaza maadili yao waziwazi. Hata hivyo, maneno yaliyoandikwa langoni ni rahisi kuyaandika, na mimi huyapa uzito mdogo kuliko yale ambayo mwanafunzi hulazimika kuyatenda kabla ya kuhitimu.

Kwa hiyo nenda ukashinde siku nzima katika kila chuo unachokifikiria, umtafute mwanafunzi wa mwaka wa tatu, umweleze kisa cha bibi kama ulivyonieleza. Uganda ina sheria inayomlinda mtu asiyeweza kusoma lugha ya hati: ni lazima asomewe na kuelezwa kabla hajatia alama yake, na aliyeiandika aweke humo jina na anwani yake. Tena kibanja hakiuzwi bila ridhaa ya mwenye ardhi. Mwanafunzi akianza kukuuliza ni nani aliyeiandika karatasi ile, na kama bibi alisomewa, basi walimu wake wamefanya kazi. Akikukariria tu maelezo ya darasani, endelea kutafuta. Muulize pia kama amewahi kumsikiliza mteja halisi chini ya usimamizi wa wakili. Makerere wana kliniki ya sheria ya maslahi ya umma. Kwingineko omba uonyeshwe chumba ambamo wateja hupokelewa, na ukikuta viti vyenye vumbi umeshajibiwa.

Mwisho, mwambie baba kwamba karo ya LDC hulipwa baada ya miaka minne ya shahada, na ni mzigo wa peke yake. Chuo kitakachomaliza akiba yote ya nyumbani kabla hujafika huko hakikufai, hata kama mmekipenda nyote watatu.