Mjamzito na influenza: kipimo cha malaria kikiwa hasi, usirudi nyumbani bado

Mjamzito wa Kisumu, Siaya au Busia akishikwa na joto la mwili, huwaza malaria kwanza. Yuko sahihi, apimwe siku hiyo hiyo. Shida huanza majibu yakiwa hasi: wengi hupewa antibayotiki na kuambiwa warudi nyumbani, ilhali joto hilo huenda limeletwa na influenza, yaani homa kali ya mafua iletwayo na virusi, na antibayotiki haiui virusi. Hata majibu yakiwa chanya, magonjwa haya mawili yanaweza kukaa pamoja, kwani watu wengi wa kando ya ziwa wana vimelea vya malaria bila kuugua. Kwa hiyo mwambie daktari waziwazi kama una kikohozi na koo linauma, na kama ugonjwa ulikuangusha kwa ghafla. Mafua ya kawaida huja polepole, tena puani.

Ujauzito unakupunguzia akiba ya pumzi. Tumbo husukuma juu kiwambo, yaani msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, mapafu yakabanwa, na wakati huohuo mwili unadai oksijeni zaidi. Kinga nayo hubadilika. Ndiyo maana influenza hugeuka nimonia kwa urahisi zaidi, hasa miezi mitatu ya mwisho na wiki mbili baada ya kujifungua. Mlipuko wa H1N1, aina moja ya influenza, wa mwaka 2009 ulionyesha hivyo kwa uchungu. Mwenye pumu, selimundu, kisukari au VVU yuko hatarini zaidi. Mtoto naye anaweza kuzaliwa kabla ya wakati au kufia tumboni.

Dawa ipo: oseltamivir, miligramu 75 mara mbili kwa siku, kwa siku 5. Hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili zianze, kwa hiyo kusubiri majibu ya maabara ni kupoteza muda. Iulize kwa jina, iandikwe na daktari. Saa hizo zikipita na hali ni mbaya, bado inafaa kupewa.

Joto lishushwe kwa paracetamol: vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku. Soma pakiti ya dawa ya mafua ya dukani, maana nyingi zina paracetamol ndani na utajikuta umezidisha. Ibuprofen na diclofenac ziache: kuanzia wiki ya 20 zinaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi. Kujifukiza chini ya blanketi huongeza joto tunalotaka lishuke.

Nenda hospitali yenye oksijeni, hata usiku, ukihema ukiwa umekaa tu, kifua kikiuma, midomo ikibadilika rangi, ukichanganyikiwa, mtoto akipunguza kucheza, au ukipata nafuu kisha joto likarudi na kikohozi kizito. Hiyo ya mwisho hupuuzwa sana, na mara nyingi ni nimonia ya bakteria.

Chanjo ya influenza ya sindano hutolewa mwezi wowote wa mimba. Ile ya kupuliziwa puani si ya wajawazito. Kinga hukamilika baada ya wiki 2 hivi na humfikia mtoto, ambaye hawezi kuchanjwa kabla ya miezi 6. Sindano ya pepopunda ya kliniki si hii, kwa hiyo piga simu hospitali uulize kama wanayo kabla ya kupanda matatu.

Ukiugua wakati wa kunyonyesha, endelea kunyonyesha. Vaa barakoa na unawe mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto.