Kadi Imejaa, Mbona Mashavu Yamevimba?

Wiki hizi mbili simu yangu imejaa picha za watoto walioshika taya. Kuna mnaoita matumbwitumbwi, kuna mnaoita machubwichubwi, na wengine mnaandika perema. Ugonjwa ni huo huo. Nimechagua maswali yanayojirudia.

Dada nesi, mwanangu yuko darasa la pili, hajakosa kliniki hata mara moja na kadi yake imejaa. Leo shavu limevimba mpaka sikio limesukumwa juu. Kwani chanjo alizochomwa zilikuwa maji? (Mama, Tabata)

Hazikuwa maji, mama. Itoe kadi tuisome pamoja. Utakuta ya kifua kikuu, utakuta polio, utakuta ile ya pamoja yenye dondakoo, kifaduro na pepopunda ndani yake, na ya nimonia na ya kuhara. Ukifika miezi 9, na tena miezi 18, pameandikwa surua-rubella. Sasa tafuta matumbwitumbwi. Hayamo, na hayajawahi kuwemo. Mwaka 2014 Tanzania ilipoiacha chanjo ya surua peke yake, iliingiza ya magonjwa mawili, surua na rubella. Kenya nayo inatoa hiyo hiyo. Ile ya magonjwa matatu, MMR, yaani surua, matumbwitumbwi na rubella, utaipata kwenye baadhi ya hospitali binafsi, kwa pesa yako.

Si kwamba wamesahau. Surua inaua, na rubella inaharibu mimba. Matumbwitumbwi huua kwa nadra sana. Shirika la Afya Duniani linashauri nchi iongeze chanjo ya matumbwitumbwi pale tu inapoweza kuwafikia zaidi ya asilimia 80 ya watoto kwa surua na rubella, na iendelee hivyo. Ukichanja nusunusu, virusi havizunguki sana miongoni mwa watoto wadogo, kwa hiyo wengi hawaugui utotoni, wanakuja kuugua wakiwa vijana, na huko ndiko ugonjwa unakouma zaidi.

Mpango huo naukubali. Nisichokikubali ni ile kauli yetu manesi pale dirishani: "Mama, mtoto amemaliza chanjo zote." Tuseme amemaliza zilizomo kwenye kadi, na tumwambie ipi haimo. Mzazi mwenye uwezo ataamua mwenyewe.

Mimi ni mwalimu wa zamu, shule ya bweni Kilifi. Nina wanafunzi sita waliovimba. Nifunge shule?

Usifunge, mwalimu. Aliyevimba atengwe siku tano kuanzia siku uvimbe ulipoonekana, kisha arudi darasani hata kama shavu halijatulia. Shida ni kwamba mtoto huanza kuambukiza kama siku mbili kabla ya kuvimba, kwa hiyo hao sita wameshakula, wamekohoa na wamelala na wenzao. Kuanzia virusi kuingia hadi shavu kuvimba hupita siku 12 hadi 25, mara nyingi 16 hadi 18. Usishangae kimya cha wiki mbili kikifuatwa na wengine kumi.

Nenda kaangalie pipa la maji ya kunywa. Nina hakika kuna kikombe kimoja kimefungwa kamba. Ugonjwa huu unasafiri kwa mate, na hicho kikombe ndicho daladala yake. Kila mtoto awe na chake. Filimbi ya michezo pia isizunguke mdomo kwa mdomo.

Mtoto wangu wa kiume ana miaka 15. Siku ya sita tangu avimbe taya, korodani moja imevimba na hawezi kutembea. Hatazaa? (Baba, Morogoro)

Baba, mpeleke hospitali leo. Pengine ni matumbwitumbwi yameshuka, lakini korodani ikijisokota nayo huuma na kuvimba hivyo hivyo, na hiyo hutakiwa kufunguliwa ndani ya saa chache. Kwa macho ya nyumbani huwezi kuzitofautisha.

Wakisema ni matumbwitumbwi, pumua. Kwa wavulana waliokwisha kubalehe na hawakuchanjwa, hadi watatu kati ya kumi hupata uvimbe huu, na kwa wengi ni upande mmoja tu. Korodani inaweza kusinyaa kiasi baadaye, lakini utasa kamili ni nadra sana. Apumzike, avae chupi inayobana kidogo ili ziegemee, apewe parasetamoli. Aspirini hapana, bado ni mtoto. Na naomba usimwambie mbele ya wadogo zake kwamba "amekwisha". Nimewahi kukutana na kijana wa miaka 24 aliyeacha uchumba kwa sababu ya neno alilosikia akiwa darasa la saba.

Kwa watoto wote, wa kike na wa kiume: kichwa kuuma sana na shingo kukakamaa, kutapika kusikokoma, tumbo kuuma vikali, au sikio kuacha kusikia ghafla, hizo ni safari za hospitali, hata usiku.

Tunaishi Marekani. Wanangu walipata dozi mbili za MMR na bado shuleni kwao mlipuko wa matumbwitumbwi umetokea, tena wagonjwa wengi ni waliochanjwa. Si bora kuacha?

Hesabu hii huwapiga chenga wengi. Dozi mbili hukinga takribani watoto 88 kati ya 100. Chukua shule ya watoto 1,000, 950 wamechanjwa na 50 hawajachanjwa. Virusi vikimfikia kila mmoja, waliochanjwa ambao kinga haikushika ni kama 114. Wasiochanjwa ni 50 tu, na karibu wote wako wazi. Ukihesabu vitanda, waliochanjwa ni wengi. Ukiuliza nani alikuwa hatarini zaidi, jibu ni lingine.

Kinga nayo hupungua miaka inavyopita, na msongamano huilemea. Mwaka 2009 mvulana wa miaka 11 aliyetoka Uingereza alikuwa kwenye kambi ya likizo jimbo la New York, na hadi mwaka uliofuata wagonjwa walifika kama 3,500, wengi wao vijana wa jamii ya Wayahudi wa Orthodox. Vijana hao husoma wawiliwawili, uso kwa uso, meza nyembamba katikati, saa nyingi kwa siku, wakibishana kwa sauti. Wengi walikuwa na dozi mbili. Huko walijaribu dozi ya tatu mashuleni, na tangu mwishoni mwa 2017 Marekani inaishauri kwa walio katikati ya mlipuko. Uliza shuleni kwao. Kabla ya chanjo kuanza kutumika mwaka 1967, nchi hiyo ilikuwa ikiandikisha wagonjwa kama 186,000 kila mwaka.

Ni kweli MMR inaleta usonji?

Hapana. Uvumi huo ulitokana na makala ya mwaka 1998 ya Andrew Wakefield, iliyohusu watoto 12 tu. Jarida lililoichapisha liliifuta mwaka 2010, na mwaka huo huo Wakefield akafutwa kwenye orodha ya madaktari Uingereza.

Shikamoo. Nina mimba ya miezi minne na shule ninayofundisha ina mlipuko. Nichanjwe?

Marahaba. Sasa hivi hapana, chanjo hii ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na mjamzito hapewi. Subiri ujifungue. Kaa mbali na waliovimba na umwambie mkunga wako.

Mama mkwe amempaka mjukuu masizi ya sufuria mashavuni na kumfunga kitambaa. Nimkataze? (Tanga)

Usigombane na mama mkwe kwa ajili ya masizi. Mimi mwenyewe bibi alinipaka, nikapona siku ya nane, kama ambavyo ningepona bila kupakwa. Kitambaa cha baridi shavuni kinatuliza. Mpe uji na mtori, na ficha ukwaju na embe bichi, maana uchachu hukamua tezi za mate na mtoto atalia. Ila asipelekwe shule siku ya pili eti kwa kuwa ameshapakwa dawa. Akae nyumbani siku tano na masizi yake, ya sita umuogeshe.