Mkuu wa Kibirizi, skrubu ya kiwiko haikuruhusu kusukuma kitu

Weee! Acha. Salamu baadaye, kwanza hiyo keshokutwa yako ya kurudi mwaloni ifute.

Umeandika kwamba bodaboda ilikumwaga barabara ya Mwandiga, kiwiko kikavunjika kwa nyuma kwenye ncha, ukawekewa skrubu na waya, leo siku ya 16, nyuzi zimetolewa, hakiumi, na "chuma ni chuma" kwa hiyo keshokutwa unashuka Kibirizi, pale mwaloni mitumbwi inaposhusha dagaa, kupakia magunia. Halafu ukauliza skrubu inatolewa lini, bodaboda utaendesha lini na ule nini mfupa uunge haraka. Mimi nimeishia hapo kwenye chuma ni chuma. Hayo maneno ndiyo yaliyoniuzisha injini ya mtumbwi.

Mwaka juzi nilivunjika palepale pako, madaktari wanapaita olekranoni. Niliteleza kwenye ngazi Ujiji nikiwa na akili zangu timamu (mke wangu ana maelezo tofauti, tumuache). Nikapigwa skrubu moja nene ndefu, inaingilia nyuma ya kiwiko inashuka ndani ya mfupa wa mkono, na juu yake waya umezungushwa kama namba nane. Siku ya kuruhusiwa nikapewa karatasi imeandikwa Kiingereza cha daktari, unajua ule mwandiko, katikati nikaona herufi tatu NWB. Nikasema ngoja nimuulize mtaalamu.

Mtaalamu wangu sasa! Kijana wa duka la dawa mtaani, mtaa mzima unamwita dokta kwa sababu ana koti jeupe na anaongea taratibu. Akaisoma karatasi, akakunja uso kama profesa, akaniambia hiyo NWB ni namba ya bima. Namba ya bima jamani. Akaongeza bila kuombwa kwamba kile chuma nilichowekewa ni titaniamu, ndege zinatengenezwa nacho, "hapo mzee baba unabeba hata gunia la mahindi". Nikamshukuru, nikanunua na soda. Kumbe NWB maana yake mkono usibebeshwe uzito. Na chuma chenyewe wala hakikuwa titaniamu, kilikuwa kile cha kawaida kisichoshika kutu, ndugu yake na kijiko. Nikipita pale dukani mpaka leo navuka barabara, siyo kwa hasira, naogopa kufungwa.

Siku ya 19 nikaenda mwaloni. Sikuwa mjinga kihivyo, nilijiambia sitabeba, nitasimamia tu. Fuso imejaa dagaa, limebaki gunia moja, vijana wawili wanalisukuma juu linarudi, nami pale chini nimesimama kama bosi, mkono si hauumi, nikaweka viganja viwili chini ya gunia nikasukuma. Gunia la dagaa! Hata la mahindi lingenipa heshima. Nikasikia TK. Siyo maumivu ya kulia, ni kama mtu amevunja njiti ya kiberiti ndani ya shati. Nikasukuma mpaka likaingia, sikutaka vijana wanione, nikaenda nyumbani nikakaa siku nne nasema itakuwa mshipa umeruka.

Siku ya tano kichwa cha skrubu kimeinuka chini ya ngozi kama jipu dogo, na mkono kuunyoosha kwenda juu siwezi, nikiuinua unakunjika unanigonga usoni. Eksirei ikaonyesha kile kipande cha ncha kimepanda juu, pengo la kidole linapita, skrubu imerudi nyuma na waya umekatika upande mmoja.

Sasa nisikilize hapa, hiki kitu nilielezwa na yule daktari wa mara ya pili, na alinielewesha kwa sababu alijua nimewahi kuwa saidia fundi seremala. Akaniuliza, ukipiga skrubu kwenye mbao laini halafu ukaivuta kwa nguvu, kinachoharibika ni skrubu au mbao? Nikasema mbao, tundu linapwaya. Akasema basi. Ile ncha ya kiwiko ndani siyo mninga, ina vitundu vitundu kama sifongo, meno ya skrubu yameshika hapo na kwenye uwazi wa katikati ya mfupa huko chini. Chuma kinaweza kuwa cha ndege au cha meli, kinachokatika kwanza ni yale meno yaliyochongwa kwenye mfupa wako.

Na nani anavuta? Msuli wa nyuma ya mkono, ule vijana wa jimu wanaita traisepsi, mwisho wake umejishikiza kwenye hicho hicho kipande kilichovunjika. Kila unaponyoosha kiwiko kwa nguvu, unaposukuma kitu, msuli unakivuta kipande kwenda juu, mbali na mfupa mwenzake. Skrubu peke yake kazi yake ni kubana, ndiyo maana wanaongeza ule waya wa namba nane kwa nyuma, ili mkono ukikunjika taratibu ule mvuto ugeuke uwe wa kukandamiza mfupa kwa ndani kwenye kiungo, na kipande kisizunguke kwenye skrubu moja. Ujanja mzuri sana, ila umepigiwa hesabu ya mkono unaojikunja wenyewe, siyo mkono pamoja na gunia na vijana wawili wavivu. Na hata usiposikia TK siku hiyo, waya ukivutwa na kulegezwa kila siku unachoka, chukua waya wowote ukunje ukunjue uone kama haukatiki.

Yaani chuma kinashindana mbio na mfupa. Mfupa ukiunga kabla chuma hakijachoka umeshinda. Siku ya 16 mfupa wako haujaunga mkuu, unakuja kuunga wiki ya sita, ya nane, wengine mpaka miezi mitatu. Hauumi kwa sababu umebanwa vizuri.

Mimi nikafunguliwa tena. Safari hii wakaweka bamba nyuma ya mfupa na skrubu nyingi kwa sababu lile tundu la kwanza lilikuwa limeshapwaya, halishiki kitu. Injini ya mtumbwi ikaenda, msimu mzima nikawa nalipwa kwa huruma. Na mkono haunyooki wote, nikimpungia mtu kwa mbali anadhani naomba lifti.

Kwa hiyo sheria ni moja: KUKUNJA NA KUNYOOSHA MKONO MTUPU NDIYO, KUSUKUMA HAPANA, mpaka eksirei ionyeshe mfupa umeunga na daktari akuambie kwa Kiswahili. Na kusukuma siyo magunia tu, hapa ndipo watu wanapigwa. Kuinuka kwenye mkeka kwa kuegemea kiganja ni kusukuma. Kujinyanyua kwenye kiti. Choo cha kuchuchumaa ukishika ukuta. Kusogeza mtumbwi majini. Bodaboda ukishuka mteremko mwili wote unaegemea usukani, nako ni kusukuma, nimekujibu hilo.

Ila usije ukaogopa ukaufunga mkono kwenye kanga miezi miwili, kiwiko ndiyo kiungo chenye kinyongo kuliko vyote, ukikiacha wiki tatu nne bila kukikunja kinaganda na hutakibembeleza. Wamekuwekea skrubu ili ukikunje mapema, sasa kikunje, wewe mwenyewe, bila mtu kukivuta. Na yule mama wa kukanda kwa mawese ya moto atakuja, lazima aje, shemeji yako ndiye atamleta. Mpe chai aende. Kiwiko kilichovunjika kikikandwa kwa nguvu mfupa unaweza kuota ndani ya msuli. Mawese weka kwenye migebuka. Na kidole kidogo kikianza ganzi usisubiri kliniki, nenda.

Halafu usiniambie "mbona picha yangu ya eksirei iko poa". Umetupia ya mbele tu. Kwa mbele mfupa wa juu unaifunika ile ncha, huoni kitu, tupia ya ubavu ndiyo inaonyesha pengo. Yangu ya mbele siku ile skrubu imetoka ilikuwa safi kabisa, mpaka yule dokta wa duka la dawa akaisifia.