Ukitaka Kompyuta ya Kutumia Kwenye Boti, Anza na Betri

Kwa sisi wakazi wa Dodoma, maji makubwa ya karibu ni Bwawa la Mtera, lililopo kwenye Mto Ruaha Mkuu, mpakani mwa mikoa ya Dodoma na Iringa. Huko ndiko ninakopima kina cha maji na kuingiza kumbukumbu za samaki nikiwa ndani ya boti ya fiba. Wanaoniomba ushauri wa kompyuta huanza na kasi ya prosesa. Mimi huwauliza kwanza wana betri gani.

Betri ya asidi ya volti 12 yenye ampea-saa 100 hubeba takriban wati-saa 1,200, lakini ukitaka idumu usiishushe chini ya nusu, hivyo unabaki na 600 za kutumia. Kompyuta mpakato nyepesi inayokula wati 20 itakwenda saa 30 kwa akiba hiyo, ilhali ile kubwa ya michezo ya video, inayokula wati 60 au zaidi, haitazidi saa 10, na hapo hujawasha taa wala kipima kina. Kwa sababu hiyo, nunua mashine inayochajiwa kwa USB-C, kisha uitafutie chaja ya gari ya wati 45 au 65, maana zile ndogo za simu haziiwezi. Chaja hiyo ni bora kuliko kupitia inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani: inveta hupandisha umeme hadi volti 230 ili chaja iushushe tena hadi volti 20 hivi, na katika kupanda na kushuka huko sehemu ya umeme hupotea kwa joto.

Baada ya betri ni kioo. Kompyuta nyingi za dukani zina mwangaza wa niti 250 hadi 300, ambao ofisini unatosha kabisa, ila saa sita mchana majini, jua likikupiga kutoka juu na kutoka chini, utakachoona ni kofia yako mwenyewe. Tafuta niti 500 na kuendelea, tena kioo kisichoakisi, ukijua kwamba mwangaza huo nao unakula betri. Kishikwambi chenye kifuniko kigumu kinafaa kwa kusoma ramani, lakini kujaza majedwali humo kwa vidole vyenye maji ni adha.

Diski iwe SSD, kwa kuwa haina sehemu inayozunguka na hivyo haijali mtikisiko wa injini. Kuhusu maji, alama ya IP65 maana yake vumbi haliingii na maji ya kurushwa hayaidhuru, ila haiahidi kwamba kifaa kitapona kikizama. Kwa hilo tafuta IP67. Anayefanya kazi baharini azingatie zaidi vifuniko vya matundu, kwani chumvi hula metali za ndani. Sisi adui yetu ni vumbi la kiangazi, na ndiyo maana napendelea mashine isiyo na feni.

Kompyuta mpakato nyingi hazina GPS, kwa hiyo nunua kipokezi cha kuchomeka kwenye USB na uweke OpenCPN, programu ya bure ya usafiri wa majini. Ramani zipakue ukiwa bado mjini.

Ukipata Toughbook iliyotumika, yaani kompyuta mpakato ngumu ya Panasonic, usilipe ukiwa ndani ya duka. Mwombe muuzaji akuruhusu kutoka nayo hadi barazani mchana, chomoa chaja, pandisha mwangaza hadi mwisho, kisha soma jedwali lenye herufi ndogo huku ukiangalia asilimia ya betri inavyoshuka.