Umeona Miti Tu? Rudi Pugu, Safari Hii Polepole

Wiki hii msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, shikamoo. Nilifuata ushauri wako nikaenda msitu wa Pugu na wenzangu wa mazoezi. Nimeona miti tu. Wewe huwa unaona nini huko?"

Marahaba, mdogo wangu. Swali lako limenigusa penye kidonda. Mimi pia nilikuwa na wenzangu wa mazoezi. Tulikuwa tunatoka alfajiri hadi Gongo la Mboto, tunaunganisha daladala za Kisarawe, na tukishaingia msituni ni mbio: nani kafikisha kilomita ngapi, nani kawa wa kwanza kilimani. Mimi nikisikia kitu kwenye majani, nasimama. Siku moja nikakuta nimetolewa kwenye grupu la WhatsApp, bila salamu, bila neno. Kisa, nawachelewesha. Niliumia, na hadi leo nikiziona picha zao inaniuma. Lakini msitu wenyewe nilianza kuuona baada ya hapo.

Nenda Julai. Masika yamekwisha, njia hazitelezi, upepo wa kusi unavuma na jasho halikutoki ovyo. Ndipo miti mingi ya misitu yetu ya pwani inapopukutisha majani. Ulaya majani huanguka siku zinapokuwa fupi na baridi inapokaribia. Huku kwetu sababu ni ukavu: mti hupoteza maji kupitia majani, kwa hiyo udongo ukikauka, mingine huyaachia ili ivuke kiangazi.

Mwaka jana mwongozaji wa hifadhi, kijana wa hukohuko Kisarawe, alinishusha bondeni kwenye kijito. Mto Msimbazi, huuhuu tunaoujua Jangwani kwa mafuriko, chimbuko lake ni vilima hivi vya Pugu na Kisarawe. Kijito chenyewe unakiruka kwa hatua moja, na mchanga wa chini unauona. Njiani aliokota ganda la mkongo, gumu kama ubao, limepasuka katikati. Ndani mbegu nyeusi zimejipanga, kila moja na kikofia chake chekundu. Nikawa nazigeuzageuza mkononi, na hakuna aliyenihimiza twende.

Kisha akasema, "Dada, tukae hapa." Tukakaa, tena muda mrefu, mpaka miguu ikafa ganzi. Majani makavu yakaanza kuchakarika upande wa pili. Akatokea sange. Kichwa na mabega rangi ya chungwa iliyoiva, nyuma mweusi tii, miguu myembamba, na ile pua ndefu haitulii: anaisukuma chini ya majani, anayafunua, anatoa mdudu, anasogea. Majani yakishaanguka kwa wingi, kila hatua yake unaisikia. Mtu anayepita mbio husikia viatu vyake mwenyewe.

Basi, mdogo wangu, nenda polepole. Nendeni wawili au watatu, si ishirini. Lipa kiingilio getini, udai risiti, na uombe mwongozaji, umwambie waziwazi kwamba hutaki mbio, unataka njia ya bondeni kwenye maji. Vaa suruali ndefu na soksi, kupe na siafu wapo. Simu iweke kimya. Ukichoka kukaa, kaa tena kidogo. Polepole, nakuambia.

Na tuelewane jambo moja sisi wakazi wa Dar. Msitu huu unaliwa na mkaa, na mkaa unapikia wali wetu. Miti ikiondoka kule juu, mvua haina kinachoishika, inateremka na udongo kuujaza mto, nasi huku chini tunahama na magodoro kichwani. Desemba 2011 tuliyaona mafuriko ya Msimbazi kwa macho yetu. Mwenye uwezo wa kununua gesi anunue. Mwenye gari apeleke watoto Pugu mara moja moja badala ya kuishia nao kwenye maduka makubwa kila Jumamosi. Na kipindi hiki cha majani makavu, kichungi kimoja cha sigara kinatosha kuunguza bonde zima. Sipendi kugombeza watu, lakini kwa hili nitagombeza.

Ukiweza, baki hadi jioni. Kuna mahandaki ya machimbo ya zamani ya kaolini, na jua likizama popo wanamiminika kutoka humo. Usiku ni zamu ya komba wa Rondo, mnyama mdogo anayetoshea kiganjani, ambaye duniani kote anapatikana Tanzania tu, na Pugu ni miongoni mwa misitu michache aliyobaki. Habari za usiku zipange na hifadhi mapema, usifike getini magharibi ukaanza kubembeleza.

Ukirudi niandikie ulikaa wapi na ulisikia nini. Kilomita usinitajie.